Kuendesha baraza la kata baada ya 2021: mwongozo kamili kwa katibu, mwenyekiti na wajumbe

Mwaka wangu wa pili nikiwa katibu wa baraza la kata huku Moshi Vijijini, niliandika mwenendo (kumbukumbu za kikao) wa shauri la mpaka wa kihamba (shamba la migomba linalozunguka nyumba), nikajiorodhesha mimi mwenyewe pamoja na wajumbe. Sikuona kosa. Nilikuwepo kikaoni tangu asubuhi, kalamu nilishika mimi, kwa nini jina langu lisikae pale? Shauri lile likaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, likapanda hadi Mahakama Kuu, na huko ikaonekana kwamba katibu amehesabiwa kama mjumbe wakati sheria haimtambui hivyo. Mwenendo wote ukafutwa. Wazee wawili wakaambiwa waanze upya, na mmoja wao tulikuwa tumeshamzika.

Tangu siku ile naamini kwamba kazi ya baraza la kata iko kwenye karatasi zake. Busara ya wazee ni muhimu, lakini isipoandikwa ipasavyo haimfikishi mwananchi popote. Mwongozo huu ni kwa mtu aliyekabidhiwa mhuri jana na leo watu wameshapanga foleni mlangoni.

Jua baraza lako ni nini leo

Mlimani huku Kilimanjaro watu wamezoea baraza tangu enzi za mangi, yaani chifu wa Kichagga. Uchifu ulifutwa 1963, na sheria ya mahakama ya mwaka huohuo ndiyo iliyoleta mahakama za mwanzo. Mabaraza ya kata tuliyonayo yameundwa na Sheria ya Mabaraza ya Kata Na. 7 ya 1985. Kazi yake kuu kwa sheria hiyo ni kulinda amani na utulivu katika kata kwa kusuluhisha watu. Sheria ya Mahakama (Utatuzi wa Migogoro ya Ardhi) Na. 2 ya 2002 ikaongeza mamlaka ya kusikiliza na kuamua migogoro ya ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3.

Mamlaka hayo ya kuamua yameondolewa. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yaliyoanza kutumika Oktoba mwaka huo yaliliacha baraza na usuluhishi tu katika mambo ya ardhi. Ukiandika leo "Baraza limeamua shamba ni mali ya mlalamikaji", au "mlalamikiwa aondoke ndani ya siku 14", umeandika kitu kisicho na nguvu, na umemwongopea aliyeshinda. Atafurahi, atajenga ukuta, atapanda migomba, kisha mwenzake atakwenda wilayani na kila kitu kitarudi nyuma. Nimesikia wajumbe wakisema wananchi wenyewe wanataka hukumu. Wanataka, ni kweli, lakini haki ya kuwapa hatuna.

Usidhani hata hivyo kwamba baraza limebaki pambo. Kifungu cha 13(4) cha sheria ile ya 2002, kama kilivyorekebishwa, kinalizuia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kusikiliza shauri la umiliki au maslahi katika ardhi mpaka baraza la kata lithibitishe kwa cheti kwamba limeshindwa kuwapatanisha wahusika. Maana yake mlango wa haki ya ardhi katika wilaya unaanzia kwenye meza yako, na katibu mzembe anaweza kumfungia mtu mlango huo bila hata kujua.

Wajumbe: nani anafaa, nani hafai

Baraza lina wajumbe wasiopungua 4 na wasiozidi 8, na 3 kati yao lazima wawe wanawake. Wanachaguliwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata kutoka miongoni mwa wakazi wa kata. Katibu huteuliwa na halmashauri kwa mapendekezo ya kamati hiyo. Narudia kwa sababu iliniumiza: katibu si mjumbe, hapigi kura, hahesabiwi kwenye akidi.

Mbunge hawezi kuwa mjumbe. Wala aliye kwenye halmashauri ya kijiji au kwenye kamati ya kata yenyewe, wala mwanasheria aliyeajiriwa mahakamani, wala asiye raia, wala aliye chini ya miaka 18. Jambo hili linapuuzwa sana vijijini, maana mzee mwenye heshima mara nyingi ndiye huyohuyo kila mahali: halmashauri ya kijiji, kamati ya shule, baraza la kanisa. Kabla ya uchaguzi, keti na Mtendaji wa Kata, mpitie majina moja moja. Ni kazi ya saa moja.

Wanawake watatu wasiwe wa kukamilisha hesabu. Kwenye migogoro ya vihamba mlalamikaji mara nyingi ni mjane, au binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanamume. Nimeona mama akinyamaza kikao kizima mbele ya wanaume watatu, halafu akazungumza dakika arobaini siku Mama Mjumbe alipoongoza.

Ofisi, mhuri na madaftari

Halihitajiki jengo. Chumba kwenye ofisi ya kata kinatosha, chenye kabati linalofungwa kwa kufuli. Unachohitaji ni kaunta buku mbili kubwa, moja ya malalamiko ya ardhi na mambo mengine, moja ya ndoa, majalada, kitabu cha hati za wito chenye nakala, na mhuri unaokaa kwa mtu mmoja anayejulikana.

Kila lalamiko lipate namba kwa mpangilio wa mwaka, mfano Shauri Na. 7/2025. Kwenye mstari wake andika tarehe lilipopokelewa, majina ya pande zote, kitongoji, aina ya mgogoro, tarehe ya kikao cha kwanza, na mwisho wake. Usiruke namba, usichane ukurasa. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi pembeni, weka saini.

Kupokea lalamiko

Mtu anaruhusiwa kuleta lalamiko kwa mdomo au kwa maandishi. Akija kwa mdomo, katibu anaandika, anamsomea, naye anaweka saini au dole gumba. Hapa ndipo penye uzito kuliko wengi wanavyodhani. Usiandike "wanagombania shamba". Andika shamba lipo kitongoji gani, limepakana na nani kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, lina ukubwa gani kwa makadirio, yeye alilipata vipi na mwaka gani, na anachodai hasa ni nini. Lalamiko la kihamba kizima na lalamiko la mstari wa migomba sita mpakani ni vitu viwili, na huko wilayani cheti chako kikitaja kimoja wakati madai yanahusu kingine, mwananchi atapata taabu.

Kisha uchuje. Ardhi husuluhishwa katika kata ilipo, si katika kata anapoishi mlalamikiwa. Kama kijiji kina Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe 7 na wanawake 3 kati yao, uliza kama wamepita huko, na wakiwa na karatasi iwekwe kwenye jalada. Mirathi ni ya mahakama. Ndugu wanaogombania kihamba cha marehemu baba ambaye hajawahi kuwekewa msimamizi wa mirathi waelekeze Mahakama ya Mwanzo wakafungue shauri la mirathi kwanza, maana bila msimamizi hakuna anayeweza kusaini makubaliano kwa niaba ya marehemu. Mtu aliyekatwa panga kwenye ugomvi wa mpaka aende polisi akapate PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kisha hospitali, siku hiyohiyo. Tusisuluhishe damu.

Mifongo, mifereji ya maji ya huku, ni hadithi nyingine. Anayefungua maji usiku zamu isiyo yake hajamnyang'anya mtu ardhi, na kwa uzoefu wangu wazee wa mfongo wenyewe wanayamaliza vizuri kuliko sisi. Waite, wape nafasi, andika walichokubaliana.

Mawakili hawaruhusiwi kusimama kama mawakili mbele ya baraza la kata. Ndugu au mtu wa nyumbani mwake anaweza kumwakilisha mhusika akiomba. Kwa bibi asiyesikia vizuri hili ni msaada mkubwa, lakini andika kwenye mwenendo kwamba yeye mwenyewe ameomba hivyo.

Wito na hesabu ya siku 30

Siku 30 zinaanza kuhesabiwa tangu lalamiko lilipofunguliwa. Zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Wilaya hata bila cheti chenu. Kwa hiyo tarehe ya kupokea lalamiko ndiyo tarehe muhimu kuliko zote kwenye jalada. Iandike siku ileile, mbele yake, na umpe nakala yenye mhuri.

Mpango wangu ni huu. Wito wa kwanza utoke ndani ya siku 3, kikao kiwe ndani ya siku 10. Asipofika, wito wa pili, kikao ndani ya siku 7 nyingine. Asipofika tena, usimsikilize mlalamikaji peke yake na kumpa ushindi. Andika kwamba mlalamikiwa aliitwa mara mbili na hakufika, kisha toa cheti cha kushindwa kusuluhisha. Wito upelekwe na mwenyekiti wa kitongoji au mtu mwingine asiye ndugu wa pande zote, na nakala irudi na saini ya aliyepokea. Akikataa kusaini, aliyepeleka aandike nyuma: tarehe, saa, mahali, na kwamba amekataa.

Desemba ina shida yake. Watoto wa mlimani wanarudi kutoka Dar es Salaam, Arusha na kwingineko, familia zinakutana, na mpaka uliokaa kimya mwaka mzima unaamka. Mtu anafungua lalamiko tarehe 27, tarehe 3 Januari yuko kwenye basi. Ukimwita wiki ya pili ya Januari, hayupo, na siku zinakwenda. Nilichofanya mimi ni kuomba wajumbe wasiweke mapumziko kati ya Krismasi na mwaka mpya. Tukaketi tarehe 28, 29 na 30. Migogoro mingi iliisha kwa sababu wenye maneno wote walikuwa nyumbani.

Kikao chenyewe

Kwa usuluhishi wa ardhi wanaketi wajumbe 3, angalau 1 mwanamke. Mwenyekiti wa baraza ndiye anayewachagua, pamoja na atakayeongoza. Mjumbe mwenye undugu, deni, ushemeji au ugomvi na upande wowote ajitoe mapema, na kujitoa kwake kuandikwe. Katika kata ambayo nusu ya watu ni ukoo mmoja hili ni gumu, kwa hiyo ulizeni pande zote kwa sauti mwanzoni: mna pingamizi na mjumbe yeyote? Jibu liandikwe neno kwa neno.

Kichwa cha mwenendo kiandikwe hivi kila mara baraza linapoketi, hata kama ni kikao cha tatu cha shauri lilelile:

*Shauri Na. ____ / 20__. Tarehe ____, saa ____, mahali ____.*
*Wajumbe waliohudhuria: 1. ________ (Mwongozaji, Ke/Me), 2. ________ (Ke/Me), 3. ________ (Ke/Me).*
*Katibu: ________ (si mjumbe).*
*Mlalamikaji: yupo / hayupo. Mlalamikiwa: yupo / hayupo.*
*Pingamizi kwa wajumbe: ________.*

Majina kamili na jinsia. Kuna mashauri yaliyoanguka huko juu kwa sababu tu mwenendo ulisema "wajumbe walikuwepo" bila kuwataja, na hakuna aliyeweza kuthibitisha kama mwanamke alikuwemo.

Baraza halifungwi na kanuni za ushahidi za mahakama. Mpe kila mmoja nafasi aseme bila kukatizwa, mlalamikaji kwanza. Kisha mtenganishe kama joto limepanda: upande mmoja ubaki ndani, mwingine ukae nje chini ya mti. Maneno ya kuridhiana yanayosemwa faragha, kama "basi nitamwachia ile migomba mitatu nipate amani", yasiingie kwenye mwenendo mpaka wote wawili wameyakubali. Yakiingia na suluhu ikashindikana, aliyejishusha ataonekana amekiri, na mwakani hakuna atakayejishusha mbele yenu.

Msiketi nyumbani kwa mhusika, msinywe mbege yake, pombe ya ndizi. Familia zikipatana na zikataka kunywa pamoja jioni, hiyo ni furaha yao.

Kwenda shambani

Mgogoro wa mpaka hausuluhishwi mezani. Nendeni wote, pande mbili, wajumbe, majirani wa mipaka mingine, na mzee anayekumbuka. Chukueni futi kamba na daftari.

Huku kwetu mpaka wa kihamba ni masale, mimea inayopandwa kwa mstari kuwa alama. Kwa Mchagga isale lina heshima yake, ndilo jani la kuombea msamaha, na kulihamisha usiku ni jambo zito kuliko kuhamisha kigingi. Angalieni mstari wote kuanzia barabarani mpaka mwisho. Isale la miaka mingi lina shina nene lenye makovu ya majani ya zamani na matawi, na udongo wake chini umeshikana. Lililopandwa juzi ni jembamba na ardhi yake bado ni laini, jembe linaingia bila nguvu. Siku moja tulikuta masale kumi na moja manene kwenye mstari ulionyooka, halafu matatu membamba yaliyopinda hatua mbili kuingia kwa jirani, kisha manene tena. Hakuna aliyemtuhumu mtu. Mzee mmoja mjumbe alisimama tu kwenye lile la kumi na moja akatazama mbele, akaomba kila upande uje usimame alipo. Mlalamikiwa alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema matatu yale yarudi.

Chora ramani ndogo kwenye daftari: barabara, nyumba, mfongo, masale, umbali kwa mita kati ya alama mbili zisizohama. Wote waliohudhuria wasaini chini ya mchoro. Kwa viwanja vya Manispaa ya Moshi au Jiji la Arusha vyenye hati na vigingi vya upimaji, msipime wenyewe. Waelekezeni wamwombe mpima wa halmashauri.

Wakipatana, wasipopatana

Wakipatana, andika makubaliano siku hiyohiyo, wakiwa bado wamekaa, kwa maneno wanayoyaelewa. Nani atafanya nini, wapi, kufikia tarehe gani. "Wameafikiana kuishi kwa amani" si makubaliano. "Mlalamikiwa atarudisha masale matatu kwenye mstari ulioonyeshwa kwenye mchoro kabla ya tarehe 15" ndiyo makubaliano. Pande zote zisaini, wajumbe watatu wasaini, mashahidi wasaini, kila upande upate nakala. Mmoja akivunja, mwenzake ana karatasi ya kuonyesha.

Wasipopatana, toa cheti bila kinyongo na bila kuchelewa. Cheti kiwe kifupi: namba ya shauri, majina, ardhi inayohusika na mipaka yake, tarehe ya kufunguliwa, tarehe za vikao, majina ya wajumbe watatu na jinsia zao, na kauli kwamba baraza limejaribu kusuluhisha na limeshindwa. Usiandike nani unadhani ana haki. Usimnyime mtu cheti kwa kuwa amekataa ushauri wa wazee. Mwelekeze pia: Baraza la Wilaya linasikiliza madai ya kurejeshewa ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300, madai ya kurejeshewa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na asiporidhika na uamuzi wa huko ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Asiye na uwezo wa wakili amtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Moshi kuna KWIECO, shirika la kutetea haki za wanawake, ambao wamewasaidia akina mama wengi.

Ndoa

Kwa ufupi, kwa sababu utaratibu wake ni tofauti. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mgogoro wa ndoa upite baraza la usuluhishi kabla ya madai ya talaka. Baraza likishindwa linatoa cheti chenye maoni yake, tofauti na cheti cha ardhi. Cheti hicho kisiwe na umri wa zaidi ya miezi 6 siku madai yanapofunguliwa mahakamani, kwa hiyo mwambie mhusika asikiweke kabatini. Vikao viwe faragha. Na kama kuna kipigo, usimrudishe mtu nyumbani akavumilie mpaka kikao kijacho; dawati la jinsia la polisi lipo kwa ajili hiyo.

Fedha

Hapa ndipo mabaraza yanapoharibikiwa. Baraza liko chini ya halmashauri, na posho za wajumbe ni jukumu lake, lakini zikichelewa kishawishi ni kumtoza mlalamikaji "nauli ya wajumbe". Msifanye. Ada yoyote iwe ile iliyowekwa na halmashauri, ilipwe kwa kontroo namba (namba ya malipo ya serikali), na stakabadhi ibandikwe kwenye jalada. Bandikeni kiwango hicho mlangoni kwa herufi kubwa. Kama posho hazijaja, katibu aandike barua kwa mkurugenzi kila robo mwaka, akitaja idadi ya vikao na wajumbe waliohudhuria, na abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Kukabidhi ofisi

Siku ya kuondoka, usiache funguo kwa mhudumu. Keti na katibu mpya na Mtendaji wa Kata, fungueni kabati, hesabuni majalada yote, yaliyofungwa na yaliyo wazi. Kwa kila lililo wazi andikeni tarehe lilipofunguliwa na siku ngapi zimebaki kati ya zile 30. Mhuri ugongwe mara moja kwenye karatasi ya makabidhiano kuonyesha alama yake, wote watatu msaini, kisha umwonyeshe mwenzako jalada la juu kabisa, lile ambalo mwenyewe atakuja kuliulizia kesho asubuhi.